Ifunge kwa Nyuma

Satwa, Dubai
3 Novemba 2024

Kwako Shangazi Phyllis,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wanakwaya wenzako, kisha lile tangi la maji ulilosema linavuja. Mimi ni mzima. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kwenda dukani saa nane mchana na akarudi na akili zake. Chumbani tumebaki watu watano, mmoja amehamia Sharjah na feni yake, na hilo la feni ndilo lililotuuma.

Monicah nilimwona mwezi jana kwa dakika kumi hivi, nje ya kwao kule Al Baraha, alipotoka kutupa taka. Binti yako amenenepa kidogo, usimwambie nimesema. Tena ni yeye aliyeniletea kazi ninayotaka kukusimulia, maana ndiye aliyemtajia bosi wake, Madam Jumana, karakana yetu.

Madam amenunua karavani. Ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, watu wa huku huenda nayo jangwani wakati wa baridi, wakapiga mahema pembeni yake. Jiko lake, Shangazi, ni dogo kuliko kabati lako la vikombe. Lina jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, friji ya kufika gotini, khalas, basi. Sasa watoto wanataka bisi na bibi yao anataka maziwa ya moto kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo madam akataka tuingize maikrowevu.

Nilipima mara nne. Nafasi iliyokuwepo kando ya jiko ni upana wa sentimita hamsini, na kina chake thelathini na nane. Maikrowevu yenyewe ina kina cha thelathini na sita, lakini mlango wake ukifunguka unagonga mpini wa friji. Nikakata rafu, nikaipandisha juu kidogo, nikachonga mfereji wa waya, na mlango ukafunguka bila kugusa kitu. Nilijisikia daktari wa upasuaji.

Msimamizi wetu ni Khelef, mzee wa Kizanzibari aliyekaa Dubai miaka thelathini. Alikuwa anatoka kwenda kununua rangi, akachungulia mlangoni, akaniambia, "Wee Justus, ifunge barabara kwa nyuma. Mchanga wa kule waujua mwenyewe." Nyuma yake kweli palikuwa na tundu la viganja viwili, lina wavu wa chuma unaoelekea nje. Mchanga ungeingia kama ugeni wa harusi. Nikakata plaiwudi, nikaliziba, nikazungusha silikoni pande zote. Hata sisimizi hapiti. Khelef aliporudi akauliza, "Ushaifunga?" Nikasema nimeifunga kabisa. Akaishika, akaitikisa kwa mikono miwili, haikusogea hata unywele mmoja, kwa sababu nilikuwa nimeibana kwa mbao. Akasema, "Mashallah."

Neno hilo halimtoki ovyo. Viza yangu inaisha mwezi wa tatu na yeye ndiye anayemwambia arbab, mwenye karakana, nani anafaa, basi nimelihifadhi.

Mwanao,
Justus


Kitui
24 Novemba 2024

Kwa mwanangu Justus,

Barua yako imefika baada ya siku kumi na saba, ikiwa imekunjwa kona. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Nisamehe, miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiswahili haitoki mwilini. "Mwezi jana" hakuna, ni "mwezi uliopita". Na "ugeni wa harusi" haujaalikwa na mtu katika sentensi ile, ingawa nilicheka.

Huku mvua imenyesha siku nne, ndengu zimeota vizuri. Tangi limezibwa. Kwaya imegawanyika kwa sababu ya rangi ya joho, mimi nipo upande wa kijani na siondoki. Sikio la kulia limekufa kabisa sasa. Daktari alisema maneno mengi, nadhani yalikuwa mabaya, sikuyasikia. Kwa hiyo usinipigie. Na ujumbe wa simu nao siupendi kwa mambo ya nyumbani, maana simu yangu hukaa mezani na kila apitaye huisoma. Andika barua.

Nimefurahi kuhusu hiyo maikrowevu. Baba yako angekuwa hai angeeleza soko zima. Nawe umesema Khelef ameridhika, na mtu aliyekaa huko miaka thelathini si wa kubabaisha.

Hata hivyo kuna jambo moja. Nilifundisha pia sayansi kimu kwa miaka miwili mwalimu wake alipokuwa likizo ya uzazi, na nakumbuka kila kitu kinachopika kinatoa mvuke. Huo mvuke unatokea wapi? Nauliza kwa ujinga wangu.

Kuhusu kunenepa kwa Monicah, ulimaanisha amenenepa wapi?

Shangazi yako,
Phyllis


Satwa, Dubai
14 Desemba 2024

Kwako Shangazi,

Pole kwa sikio, na hongera kwa upande wa kijani. Huku baridi imeingia, tunaoga maji ya moto na kujiona matajiri. Nilikwenda kanisani Jumapili, watu walijaa mpaka uani, wengine wamevaa sare za ulinzi kwa sababu wanatoka zamu au wanaingia. Tulikumbuka kuombea masikio yako.

Monicah alinenepa uso tu, Shangazi. Ni wali.

Umeuliza mvuke unatokea wapi. Nitakujibu, lakini usilifanye kubwa. Wiki iliyopita imeletwa karavani nyingine, ya mtu wa Al Jaddaf, naye anataka maikrowevu. Safari hii Khelef alifanya mwenyewe, mimi nikamshikia taa. Aliiweka, akachukua vyuma viwili vya pembe, akaikaza kwa skrubu ukutani, kwa upande wa nyuma. Tundu lenye wavu akaliacha wazi. Nikamwuliza mbona hazibi. Akaniangalia kama nimemwuliza mbona hali mawe. Akasema, "Hapo ndipo jiko linapopumua. Ukipaziba hapo mtu anapika ndani ya chupa."

Nilisimama na ile taa mkononi. Kwetu mtu akisema funga, unafunga mlango, unafunga duka. Kitu cha kukaza na skrubu tunasema fiksi. Wao kumbe hata dishi la televisheni wanalifunga, hata feni ya darini wanaifunga, wala haina mlango.

Lakini ile ya Madam Jumana ina dirisha, tena madirisha mawili. Na mlango. Na si kwamba Monicah anapika humo siku nzima, nyama wanachomea nje kwenye makaa. Nimemtumia ujumbe kwamba akipika aache dirisha wazi. Akanijibu, "Kwa baridi hii na mchanga huu? Wewe njoo upike." Akaweka na kicheko. Kwa hiyo anajua.

Nitamwambia Khelef. Nangoja tu apate nafasi, wiki hii ana presha ya kazi na amemfokea kila mtu mpaka mteja.

Nikuulize kitu, Shangazi, kwa sababu tu nimekumbuka. Yule mwalimu mwenzako aliyelala na jiko la makaa ndani, ilimchukua muda gani?

Mwanao,
Justus


Kitui
2 Januari 2025

Kwa mwanangu Justus,

Mwaka umeingia, tumshukuru Mungu. Krismasi tulikuwa watu kumi na wanane, kuku wanne, na joho la kijani limeshinda. Ndengu tumeanza kuvuna.

Barua yako imenikuta na mambo mengine kichwani, kwa hiyo utaniwia radhi nikijibu kwa kurukaruka. Suala la tundu ni la kwenu mafundi. Ukikosea, sema, urekebishe. Sioni cha kusubiri nafasi. Mwalimu Ruth, Mungu amrehemu, ilimchukua usiku mmoja, lakini yale yalikuwa makaa, na hii ni gesi, nayo nadhani ndiyo maana inauzwa ghali.

Sasa nisikilize, na barua hii uichane. Nataka unieleze bila kuzunguka. Huko anakofanya kazi Monicah kuna mwanamume gani? Simaanishi yule sir Humam, mume wa madam, ingawa naye nisingemwondoa kwenye orodha. Kuna dereva anaitwa Wahid, namsikia katika kila ujumbe: Wahid alituletea maji, Wahid alisema hivi. Ana umri gani huyu Wahid? Ana mke? Anakwenda nao jangwani?

Usiniulize kwa nini ninauliza. Monicah ameniomba nisiseme kwa mtu, hasa wewe, kwamba utamwambia kila mtu kanisani. Nimemwahidi. Lakini mimi ni mama, nimezaa watatu, na najua maana ya msichana kuamka vibaya asubuhi. Sitasema zaidi. Ana miaka ishirini na sita na mkataba wake unaisha Agosti, na najua vizuri watu wa huko humfanya nini mfanyakazi asiye na ndoa akikutwa katika hali ile. Sijalala vizuri wiki mbili.

Nijibu upesi. Kuhusu dereva.

Shangazi yako,
Phyllis


Satwa, Dubai
17 Januari 2025

Shangazi,

Salamu. Sote wazima. Nimeitafuta barua yako siku tatu mpaka nikaipata kwa jirani, ndiyo maana nimechelewa.

Wahid ni mzee wa Peshawar wa miaka sitini na tatu. Ana wajukuu tisa na goti baya. Wakifika kambini yeye hurudi mjini na gari la pili. Sijui umefikiria nini, lakini si yeye.

Monicah sina habari zake mpya. Msimu huu hapewi siku ya kupumzika. Ijumaa mchana wanaondoka, Jumapili jioni wanarudi, na siku za shule kufungwa walikaa huko mfululizo. Kama anaumwa niambie anaumwa nini, mimi ndiye niliye karibu.

Khelef bado sijamwambia. Ameshapeleka majina kwa arbab, bwana Maan, ya watu wa kuongezewa viza. Langu ni la tatu. Ashwaq wa ofisini ndiye aliyeniambia, akanipongeza. Mwaka jana kulikuwa na Mganda aliyeweka bawaba upande usio wake, bawaba tu, na hakumaliza mwezi. Nikingoja mhuri upigwe nitasema siku hiyo hiyo. Ni wiki tatu au nne. Msimu wenyewe unakaribia kwisha, baridi inapungua.

Usinikasirikie. Kila Ijumaa mchana naanza kuhesabu saa, halafu Jumatatu namwona yuko hewani kwenye simu, naacha.

Justus


Kitui
29 Januari 2025

Kwa mwanangu Justus,

Barua hii anakuja nayo Matia, mtoto wa Mzee Kilonzo, anarudi kazini huko kesho, kwa hiyo sina nafasi ya salamu ndefu. Sote tupo. Ndengu tumemaliza.

Navunja ahadi yangu kwa Monicah. Umesema wewe ndiye uliye karibu, basi beba.

Tangu Desemba anaumwa. Nilifikiri ana mimba, nimeliandika sasa. Nimemwuliza mara kumi naye akakana mara kumi, na mimi nikazidi kuamini kwamba ananificha. Kuna mambo nimemwambia kwa hasira ambayo sitayarudia hapa. Amekaa wiki nzima bila kunijibu, kisha jana ameniandikia kila kitu kwa mpangilio, kama mwanafunzi anayejitetea mbele ya mwalimu. Nanakili maneno yake.

Ijumaa anafika kambini mzima. Jumamosi akiamka kichwa kinagonga, magoti hayana nguvu, anatapika, macho yanaona ukungu. Anajikokota kwenda nje kuosha vyombo, na jua likipanda anapata nafuu. Jumapili vivyo hivyo. Jumatatu akiwa Al Baraha hana kitu, anafua na kupiga pasi mpaka jioni. Siku za likizo walizokaa huko mfululizo, alianguka mara mbili. Madam alidhani ni uvivu.

Nikamwuliza analala wapi. Hemani wanalala wenyewe na watoto. Yeye analala ndani ya hiyo karavani, kwenye benchi la jikoni, kichwa upande wa jiko. Kwa kuwa kuna baridi anafunga mlango na madirisha, na anawasha moto mdogo wa gesi mpaka usingizi umchukue.

Justus, nimezaa watatu. Sijawahi kuona mimba inayopumzika Jumatatu mpaka Alhamisi.

Nimeitoa barua yako ya Desemba nikaisoma tena. "Mtu anapika ndani ya chupa." Halafu nikaitoa ya Novemba. Niambie kwamba nimezeeka na ninawaza vibaya. Niambie ulishamwambia Khelef.

Phyllis


Al Baraha, Dubai
9 Februari 2025

Shangazi,

Ujumbe niliokutumia kwa simu uliupata, Ashwaq alinionyesha kwamba umesomwa. Monicah ni mzima. Naanza na hilo tena ili usome mengine ukiwa umekaa.

Matia alinipa barua yako Jumamosi asubuhi, tarehe mosi, saa mbili, nikiwa nimevaa ovaroli. Niliisomea mlangoni. Nilipofika pale pa benchi nikakaa kwenye ndoo ya rangi. Nikampigia Monicah, hapatikani. Huko walipo mtandao huwa wa kubahatisha. Nikaingia kwa Khelef bila kubisha hodi. Alikuwa na mteja. Nikasema, "Mzee, ile karavani ya Madam Jumana nimeua mtu humo."

Hakuuliza maswali mengi. Alichukua funguo na bisibisi, akamwacha mteja na kikombe cha chai. Tulipotoka mjini ndipo akaniambia nieleze. Nikaeleza. Akaendesha mpaka tukapita kituo cha petroli.

"Mimi nilikwambiaje?" akauliza.

"Uliniambia ifunge kwa nyuma."

"Ndiyo. Ifunge. Uikaze isiruke gari likipanda mchanga. Sikukwambia izibe!"

"Kwetu kufunga ni kufunga, Mzee."

Akapiga usukani kwa kiganja. "Na mimi nikaitikisa, nikasema mashallah. Sikuinama kutazama. Ya Rabbi."

Namba ya madam tuliipiga njia nzima. Iliita tulipokuwa tumeanza kuingia kwenye mchanga. Khelef akamwambia kwa Kiarabu, "Fungua mlango wa karavani, mtoe msichana nje, sasa hivi." Nilisikia madam akisema Monicah bado amelala, leo amezidi uvivu. Khelef akapiga kelele, na sijawahi kumsikia akimpigia mteja kelele.

Tulipofika walikuwa wamemlaza kwenye mkeka nje, kichwa chake kwenye mapaja ya madam. Uso ulikuwa mwekundu vibaya, na alikuwa akipumua. Alifungua macho, akaniona, akayafunga. Sir Humam alikuwa amewasha gari tayari. Hospitali walimwekea hewa kwa saa nyingi na wakamlaza siku mbili. Daktari alisema saa moja zaidi asingejua la kumwambia mtu. Nimeandika hivyo alivyosema, sikupunguza.

Mimi nilibaki kambini na Khelef. Niliing'oa ile maikrowevu, nikabandua plaiwudi kwa bisibisi, nikavunja kucha mbili. Ilikuwa imeshika sana, Shangazi. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya huku.

Jioni Madam Jumana alikuja karakana mwenyewe. Aliuliza ni nani aliyeziba. Nikasema ni mimi, madam. Akauliza, "Ulijua lini?" Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kuhusu funga na ziba, nimepanga maneno. Nikasema mwezi wa kumi na mbili. Akamgeukia Khelef, akamwambia hataki nionekane tena karibu na kitu chake chochote.

Khelef baadaye aliniita nyuma ya mbao. Akasema, "Neno lilikuwa langu, nitakwenda kwa arbab nilibebe. Ile miezi miwili sikubebei." Bwana Maan hajasema kitu kuhusu viza. Nakuja kazini, nafagia, sishiki drili.

Naandikia hapa nje ya kwao Monicah, kwenye ngazi. Hata hivyo madam ameniruhusu nimwone dakika kumi na tano, lakini nisiingie ndani. Alitoka, amevaa sweta la madam. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Wewe nilikusamehe hata kabla hujafika, nilikuwa sina nguvu ya kukasirika." Kisha akacheka kidogo, kisha akalia. Nikamwambia anakuandikie, umekonda kwa wasiwasi. Akakataa. Nikasisitiza. Akasema, "Mama anajua alichoniandikia," akaingia ndani.

Ulimwandikia nini, Shangazi?

Justus


Kitui
21 Februari 2025

Kwa mwanangu Justus,

Umeandika "anakuandikie". Ni "akuandikie". Nimeliona, nimeliacha bila wino. Kalamu nyekundu nimeitia kwenye moto wa jikoni, na si kwa ajili ya sarufi yako.

Nimezitandaza barua zako zote mezani. Ile ya Novemba imejaa wino wangu. Nimesahihisha "mwezi jana". Nimezungushia "ugeni wa harusi". Na katikati yake kuna "ifunge barabara kwa nyuma", na chini yake "nikaliziba", mistari miwili tu, na juu yake nimeweka alama ya vema. Kitenzi hicho nimekifundisha darasani kila mwaka. Kufunga safari, kufunga mzigo, kufunga mtambo, kufunga Kwaresima, nilikuwa nawapa watoto wayataje mpaka wachoke. Nilikiona na sikukisoma.

Kwa hiyo kuhusu ile miezi miwili, sitakusomea hukumu. Nilipaswa kukukaripia Januari nikuamuru uende kwa Khelef siku hiyo hiyo. Nilikuwa nashughulika na umri wa dereva. Lakini uliyoyasema kwa yule mama, kwamba ulijua tangu Desemba, uliyasema kwa kinywa chako. Wakikurudisha, kitanda chako kipo. Wasipokurudisha, kaa, ufanye kazi, na kila utakapoambiwa neno uulize maana yake, hata kama unalijua.

Umeuliza nilimwandikia nini Monicah. Ilikuwa Januari tarehe ishirini. Barua hazikwenda haraka ya kutosha kwa hasira niliyokuwa nayo, nikatumia simu, ile ile ninayokataza. Nilimwandikia: "Usije kwangu na tumbo la watu. Sina binti malaya." Maneno tisa. Ilikuwa Jumatatu. Alikuwa ametoka jangwani jana yake, na sasa najua kwamba wikendi ile alikuwa ameanguka mara ya tatu. Aliyasoma akiwa anapiga pasi.

Nimeshamwandikia mara nne tangu wakati huo. Nimemwuliza hali, nimemwambia habari za ndengu, nimemtumia salamu za kwaya. Hajibu, na ana haki, kwa sababu katika zote nne nimezunguka. Sisi tuliolelewa zamani, mzazi akimkosea mtoto humpikia chakula kizuri, mtoto akaelewa. Mimi sina namna ya kumpikia.

Basi nenda kwake. Mwombe madam hizo dakika kumi na tano tena, ukae kwenye ngazi. Usimpe karatasi aisome peke yake. Msomee kwa sauti, polepole, na usibadilishe neno ili kulilainisha. Soma hapa:

Monicah, ulikuwa unakosa hewa, na mimi mama yako nikakuita malaya. Uliniambia ukweli mara kumi, nikauita uongo. Hukukosa lolote. Mimi ndiye niliyekosa. Samahani, mwanangu.

Akikujibu, niandikie alivyosema, hata kama ni vibaya. Akinyamaza, usimsemee. Niandikie tu kwamba alinyamaza.

Shangazi yako,
Phyllis